Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulipopima urefu wa watoto wa Tanzania, uliwakuta 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Utafiti uliotangulia, wa 2015/16, ulikuwa umekuta 34. Tumesogea. Kinachokunja uso ni orodha ya mikoa: juu kabisa Iringa, asilimia 56.9, halafu Njombe, 50.4, kisha Rukwa, 49.8. Hiyo ndiyo mikoa ambayo malori ya mahindi na viazi hutoka kwenda kulisha miji.

Huku Bariadi, mkoani Simiyu, nako tuna tabia ya kupima lishe kwa kutazama ghala na zizi. Msimu ukikubali, nyumba ya Kinyantuzu, yaani ya wenyeji wa huku, ina mahindi, mtama, mpunga na viazi vitamu. Ina choroko, dengu na karanga. Ng'ombe wapo, kuku wapo uani, na dagaa wa Ziwa Victoria wanafika mnadani kutoka Busega. Mwambie baba mwenye nyumba hiyo kwamba mwanawe ana utapiamlo, ataona unamtukana. Lakini mtoto wa miezi kumi haingii ghalani kujichotea, wala hakami ng'ombe. Anakula anachopikiwa, kwa kiasi anachopakuliwa, mara anazokumbukwa. Kati ya ghala na kinywa chake yupo mama aliye kwenye palizi ya pamba tangu alfajiri, yupo dada wa miaka minane aliyeachiwa mtoto na sufuria la uji mwepesi, yapo mayai yaliyouzwa ili kununua sabuni, na maji ya kisima yasiyochemshwa. Hapo katikati ndipo mtoto anapodumaa, huku gunia likiwa limejaa.

Huduma za umma za lishe zimewekwa kwa ajili ya hapo katikati. Makala haya yanaeleza zilizopo kwa mkazi wa Somanda na kata nyingine za Mji wa Bariadi, namna ya kuzitumia, na mahali pa kuwa mbishi kidogo ili upate unachostahili.

Tulikotoka

Nchi hii haijaanza jana. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Miaka kumi baadaye serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe mkoani Iringa katika vijiji 168. Moyo wa mpango ule haukuwa kugawa chakula. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikusanya watoto wake, kikawapima uzito mbele ya wazazi, kisha kamati ya kijiji ikakaa na kuuliza: huyu kapungua kwa nini? Majibu yalikuwa ya kawaida kabisa. Mama yuko shambani kutwa na mtoto anakula mara mbili tu. Uji ni mwepesi. Mtoto ametoka kuugua malaria na hakuna aliyemwongezea chakula. Basi kijiji kikapanga jinsi ya kulisha watoto wakati mama zao wako shambani, na mama wakafundishwa kulainisha uji kwa kimea. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38, na wenye hali mbaya zaidi kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Ndiyo, ni Iringa hiyo hiyo inayoongoza leo kwa udumavu. Uzito na urefu ni vipimo tofauti, na miaka 40 ni mingi, kwa hiyo mtu asikimbilie kusema mpango ule ulikuwa bure. Kwa maoni yangu tulilopata kule ni hili: kazi ya lishe haihitimu. Kila mwaka wanazaliwa watoto wapya, na kijiji kikiacha kupima kinarudi kilipokuwa. Upande wa pili wa dunia, Peru ilikuwa na udumavu wa asilimia 28 mwaka 2008; kufikia 2016 ilikuwa imeshuka hadi 13. Nao hawakuwa na siri. Familia maskini zilipewa fedha kwa sharti la kupeleka watoto kliniki, wahudumu wakafuatilia ukuaji wa kila mtoto, na serikali ikadai matokeo.

Kwetu, Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, na Septemba 2022 ukasainiwa upya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, uende hadi 2030. Simiyu, mkoa ulioundwa 2012 na ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 2,140,497, umo kwenye mkataba huo kama mikoa mingine. Ndani yake kuna sharti ambalo kila mzazi anapaswa kulijua: halmashauri itenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, kutoka mapato yake ya ndani. Nitalirudia huko mbele.

Kadi ya kliniki si cheti cha chanjo

Mahali pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto, iwe kwenye zahanati iliyo karibu nawe, kituo cha afya au hospitali ya Somanda. Matatizo makubwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Nyaumata. Kwa sera ya afya, huduma za mjamzito na za mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya umma hazilipiwi.

Wazazi wengi huipenda kliniki hadi mtoto amalize chanjo. Ile ya surua na rubela ya miezi 18 ikishachomwa, kadi inawekwa kwenye sanduku la nguo na haionekani tena mpaka siku ya kuandikisha shule. Hilo ni kosa kubwa, maana mtoto anatakiwa apimwe ukuaji wake hadi atimize miaka mitano, na miezi ya hatari zaidi ni ile ya kati ya sita na ishirini na minne, ambayo maziwa ya mama peke yake hayatoshi na mtoto ameanza kutambaa, kuokota na kuharisha.

Jifunze kuisoma kadi mwenyewe. Kuna ukurasa wenye mistari iliyopinda. Kila mara mtoto anapopimwa, nesi huweka nukta palipokutana umri na uzito. Unganisha nukta hizo kwa macho. Zikipanda sambamba na mistari iliyochapishwa, mtoto anakua. Zikilala, yaani uzito wa mwezi huu ni ule ule wa mwezi uliopita, hiyo ni taarifa ya mapema, hata kama mtoto anacheza na ana mashavu. Zikishuka, usiondoke kliniki bila maelezo. Uliza: kapungua kiasi gani, kwa nini, nimlisheje, nirudi lini? Foleni ya nyuma yako isikutie haya. Ukikuta uzito umeandikwa kwa tarakimu lakini nukta haijawekwa, omba iwekwe.

Omba pia apimwe urefu. Mzani hauoni udumavu. Mtoto anaweza kuwa na uzito unaoridhisha huku akiwa mfupi kwa umri wake, na udumavu ukishapita miaka miwili kuurudisha nyuma ni kazi ngumu mno. Mtoto mdogo hupimwa amelazwa kwenye ubao maalumu, mkubwa husimama. Inachukua dakika chache na watu wawili, ndiyo maana siku ya msongamano kipimo hiki ndicho huachwa.

Mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, unafanyika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa matone ya vitamini A kutoka kidonge cha bluu, na wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano kutoka kidonge chekundu. Waliofikisha mwaka hupewa na dawa ya minyoo. Matone hayo si chanjo, kama mitaani wanavyodhani. Ni akiba ya miezi sita kwa ajili ya macho na kinga ya mwili, na ikiisha inabidi ijazwe. Ukikosa Juni usisubiri Desemba, nenda kituoni uulize.

Mkanda wa rangi tatu

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita nyumbani kwako, mara nyingi atatoa mkanda mwembamba wenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Anauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kati ya 11.5 na chini kidogo ya 12.5 ni njano: ana utapiamlo wa kadiri, aangaliwe kwa karibu. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu maana yake ni leo. Si baada ya mnada, wala mpaka baba arudi.

Kipo kipimo kingine ambacho hakihitaji hata mkanda. Bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili za mtoto, hesabu sekunde tatu, achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto amevimba kwa utapiamlo mkali hata kama anaonekana mnene. Mpeleke kituoni.

Mwenye utapiamlo mkali lakini ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine hutibiwa akitokea nyumbani, kwa chakula dawa: pakiti za mchanganyiko laini wenye karanga, maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini. Aliyedhoofu zaidi, asiyekula au mwenye homa, hulazwa na kuanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo, kwa sababu mwili uliokauka ukijazwa chakula kwa pupa unaweza kuzimika. Chakula dawa ni dawa. Usimgawie kaka yake, usikiuze, na usikichanganye kwenye uji wa familia. Najua ni vigumu nyumba ikiwa na watoto watano na pakiti moja tamu, lakini dozi ikigawanywa haimponyi yeyote.

Uji usiotiririka

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila dawa ya mchango, bila uji mwepesi wa kuonjesha. Mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na yale maziwa ya kwanza ya njano asikamuliwe yakamwagwa. Kitaifa watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa asilimia 64 mwaka 2022. Kwa mama wa mjini mwenye genge au anayefanya kibarua, kukamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko na kumwachia mlezi ni jambo linalowezekana, na nesi atakuonyesha namna.

Baada ya miezi sita ndipo tunapowakosea watoto wengi. Tunawapa uji unaonyweka. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji, hakuna nafasi ya chakula. Chukua kijiko cha uji, kiinamishe: ukitiririka, umepika kinywaji. Uji wa mtoto unang'ang'ania kijiko. Aanze na vijiko viwili vitatu vya chakula kila mlo, mara mbili hadi tatu kwa siku, ukiongeza taratibu hadi nusu kikombe cha chai. Miezi 9 hadi 11 ale mara tatu au nne, nusu kikombe kila mara. Akivuka mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, pamoja na kitu kidogo katikati: ndizi, papai, kipande cha kiazi, maziwa. Na aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Hapa nina neno kuhusu huo unga wa lishe unaouzwa sokoni, wenye mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, soya, karanga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Watu huhesabu majina wakidhani majina mengi ndiyo lishe. Mahindi, mtama, uwele na mchele vyote ni nafaka, na ukichanganya vinne umepata wanga wa aina nne. Soya isiyotayarishwa vizuri humsumbua mtoto tumbo. Karanga zikishasagwa na kukaa kwenye joto huchacha upesi, na zikiwa na ukungu zinaingiza sumukuvu kwenye kila kijiko. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Bora usage nafaka moja au mbili tu, mtama au mahindi ya dona, na vingine uvitie wakati wa kupika: karanga ulizochambua mwenyewe na kutupa zilizosinyaa na kubadilika rangi, maziwa yaliyochemshwa, yai lililopigwa na kukorogwa hadi liive.

Dagaa ndiyo nyama ya bei nafuu kuliko zote Bariadi, na mtoto wa miezi saba anaweza kula. Wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo wachambue, waoshe maji mawili matatu mpaka mchanga uishe, waanike tena juu ya kitu safi, wakaange bila mafuta, watwange, chekecha. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji au kwenye mchuzi wa mboga kinatosha. Usitie chumvi.

Ujanja wa kimea, ule wa Iringa, nao haujapitwa na wakati. Usukumani nani hajui kimea? Tumekitumia kwa pombe vizazi na vizazi. Loweka ulezi, uoteshe kidogo kwenye kitambaa kibichi, anika, sugua uondoe mizizi na vichipukizi, saga. Pika uji mzito kweli kweli, uuepue, upoe kidogo, kisha tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Utaona uji unalegea mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke tena, kisha mpe. Mtoto anapata nguvu nyingi kwenye kikombe kidogo.

Akifika kula chakula cha nyumbani, mpe bakuli lake. Kwetu tunazunguka sinia moja, jambo zuri kwa udugu, lakini mtoto wa miaka miwili hawezi mbio za kaka zake. Ugali unaisha yeye bado anapuliza tonge la kwanza. Kwenye bakuli lake utaona amekula nini na amebakiza nini. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni akiba nzuri ya kiangazi, ila ni wanga. Vipike na karanga, na pembeni kuwe na mgagani, majani ya kunde au mlenda. Magadi yapungue, maana yanaua vitamini kwenye mboga. Ukipata mbegu za viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa kama Kabode na Ejumula, panda hata matuta mawili nyuma ya nyumba. Rangi hiyo inatokana na kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Waulize maofisa ugani, na Agosti kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nyakabindi.

Chumvi nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ile ya kupimwa kwa kopo, pamoja na ya Eyasi inayoingia kupitia Meatu, huenda haijawekwa, na mjamzito asiyepata madini joto anahatarisha akili ya mtoto aliye tumboni.

Mjamzito na vidonge vyekundu

Udumavu huanzia tumboni. Mwanamke akijihisi mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki 12, na afike angalau mara nane hadi kujifungua. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni asilimia 59. Huku Kanda ya Ziwa tuna malaria, minyoo na kichocho, vyote vinakula damu. Kliniki hutoa vidonge vya madini chuma na foliki asidi, FEFO kama vinavyoitwa, vya kumeza kila siku, pamoja na dawa za kuzuia malaria, dawa ya minyoo na chandarua.

FEFO huachwa kwa sababu vinatia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi. Choo cheusi ni kawaida. Kwa kichefuchefu, meza usiku baada ya kula. Usimeze na chai, chai inazuia madini chuma yasiingie. Meza na maji, na ukiwa na chungwa au ubuyu ni vizuri zaidi. Na ule udongo unaouzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito, mwambie nesi kama unautamani. Hamu ya kula udongo mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaongeza tatizo.

Mama mkwe na mume nao wasome hapa. Mjamzito anayepalilia pamba hadi wiki ya mwisho, akibeba ndoo ya maji kichwani na kula wa mwisho jioni, hawezi kujaziwa na kidonge. Apunguziwe kazi, aongezewe mlo mmoja kwa siku. Pesa ya pamba ikiingia, kwa kawaida mkononi mwa baba, sehemu yake ijulikane mapema kuwa ni ya maziwa, mayai na dagaa wa nyumba, kabla baiskeli na bati hazijaanza kuitana.

Kuhusu kubemenda

Jambo hili haliandikwi sana kwenye vipeperushi, lakini ndilo linalochelewesha watoto wengi. Mtoto akikonda au kuvimba, mtaani wanasema amebemendwa: baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamekutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya. Mama anaona aibu kwenda kliniki, maana kwenda ni kukiri. Anapelekwa kwa mganga, siku zinakatika, na mtoto anafika hospitalini akiwa hoi.

Utapiamlo hautokani na hilo. Kilicho kweli ni kwamba mimba inayofuata haraka humwachisha mtoto ziwa mapema, naye huporomoka. Wazee wetu waliuona uhusiano huo, wakaueleza kwa lugha ya zamani yao. Leo dawa yake ni uzazi wa mpango, unaopatikana kliniki hiyo hiyo bila malipo. Ukimwona jirani mwenye mtoto aliyekonda, usimuulize aliyoyafanya. Msindikize kituoni.

Siku ya lishe mtaani kwako

Kila robo mwaka, kila kijiji na mtaa unatakiwa kufanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALIKI kwa kifupi. Ni ule utaratibu wa vijiji vya Iringa uliorudi kwa jina jipya. Watoto wanapimwa mkanda, uzito na urefu. Kunapikwa chakula cha mfano kwa vyakula vya hapo hapo. Wajawazito wanapewa ushauri. Walio kwenye nyekundu wanapewa rufaa. Anayepaswa kuitangaza ni mtendaji na mwenyekiti, wakisaidiwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa wahudumu wanaongezwa: mpango uliozinduliwa Januari 2024 umelenga kuwa nao 137,294 nchi nzima katika miaka mitano. Kaya zilizo kwenye TASAF zinajua kwamba kupeleka mtoto kliniki ni mojawapo ya masharti ya ruzuku. Basi siku hiyo iwe sababu ya kwenda, na si ya kusainiwa fomu tu.

Mahali pengine siku hii hufanyika vizuri, pengine hufanyika kwenye taarifa. Tofauti inaletwa na wananchi wanaouliza. Kwenye mkutano wa mtaa una haki ya kumuuliza mtendaji: robo iliyopita tulipima watoto wangapi, wangapi walikuwa nyekundu, na wamefika wapi? Muulize na diwani ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto: ilitengwa, ilitoka, ilinunua nini? Hayo si maswali ya upinzani. Ni maswali ambayo mkuu wa mkoa mwenyewe anaulizwa na TAMISEMI. Baba wakihudhuria, majibu huwa marefu zaidi. Sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyo.

Shuleni pia usikwepe mchango wa chakula cha mchana. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi alasiri bila kitu tumboni hasomi, anasubiri kengele. Debe la mahindi na kilo chache za maharage au choroko wakati wa mavuno ni nafuu kuliko kulipa tuisheni baadaye. Binti wa shule hasa, maana ndiye mama wa kesho, na damu yake ya leo ndiyo atakayoingia nayo kwenye ujauzito.

Watu wazima tusijisahau. Wanawake wenye uzito uliozidi nchini walikuwa asilimia 28 mwaka 2015/16; 2022 walikuwa 36. Soda, chapati za mafuta mengi, chumvi ya kunyunyiza mezani na kutembea kwa bodaboda hata kwenda dukani ndivyo vinavyotuletea shinikizo la damu na kisukari. Mtu mzima chumvi yake kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai. Ukienda kliniki na mtoto, omba na wewe upimwe presha.

Ukiwa na swali usiku au uko mbali na kituo, piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyolipiwa. Kwa mengine, fika wiki hii kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wako uulize Siku ya Lishe ya robo hii ni tarehe ngapi na itafanyikia wapi. Ikiwa hawaijui, waambie wakuandikie ikipangwa, halafu mtoe mtoto na kadi yake siku hiyo, na umlete na mtoto wa jirani.